Posa Iliyorudi na Gundi Yake

Sehemu ya Tisa

Bahasha ilikuwa haijafunguliwa!

Wiki nzima mmenisumbua mkitaka kujua Bi Maisara alimtia nini Idarous mkononi pale juu ya ngazi za ukumbi wa Small Heath, hapa Birmingham. Haya, ndiyo hiyo. Barua ile ile ya posa aliyoipeleka mwenyewe Jumapili mbili zilizopita, imerudi na gundi yake haijaguswa.

"Bi Maisara, hamkuisoma?"

"Hatukuisoma."

"Ina maana mmekataa?"

"Nani kakataa?" Bi Maisara, shangazi yake Mwanasiti, alikung'uta mtandio wake uliolowa manyunyu. "Barua ikifunguliwa lazima ijibiwe, ndiyo au siyo. Hii haikufunguliwa. Rafiki yako Haroun hakukataliwa, wala hana aibu ya kutembea nayo mitaani. Mrudishie, na salamu zetu."

Moyo wa Idarous uliruka kwa furaha. Papo hapo akaukemea, akaona haya mwenyewe.

Kwa wewe uliyechelewa kujiunga nasi, mambo ni haya. Idarous, Mzanzibari wa miaka thelathini na minane, siku za kazi hupanga maboksi ghalani Stechford. Jumapili mchana huwatafsiria watu sinema za zamani, maiki mkononi, picha ikicheza ukutani. Anaigiza sauti ya jambazi, ya sherifu, ya kikongwe, hata ya farasi. Lakini mbele ya Mwanasiti, fundi cherehani wa Ladypool Road, ni domo zege. Miaka mitatu anampenda na miaka mitatu hajasema.

Halafu Haroun, rafiki yake wa kufa na kuzikana, akamwambia, "Nina posa nataka uipeleke, uwe mshenga." Idarous akaapa atapeleka kabla hajauliza inakwenda nyumba gani. Mimi nilimtukana palepale, mnakumbuka. Kiapo kikishatoka hakirudi, na mshenga akishakubali hajitoi.

"Kuna jingine," Bi Maisara alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Mwanasiti kasema, mshenga kama ana neno lake mwenyewe, aliseme leo."

Idarous alimsogelea.

"Neno gani?"

"Mwanangu, mimi mtu mzima, usinifanye nitamke yasiyotamkika. Saa kumi na moja wanakuja watu wa Leicester, wanaomtaka Mwanasiti, kunywa chai. Mara ya tatu hii. Visingizio vimeniishia, na leo wanataka kusoma Fatiha ya uchumba. Mwanasiti kasema atawajibu. Sasa wewe ujue lako."

Akaingia ukumbini kutafuta kiti.

Haya, msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungekimbilia viti vya wanawake, alikokaa Mwanasiti, ungepiga magoti. Idarous yeye alitoa simu akampigia Haroun. Alitaka ruhusa! Alitaka Haroun amwambie kwa kinywa chake, "Ndugu yangu, mimi nimeshindwa, wewe endelea." Bila hilo angeonekana mshenga aliyekula alichotumwa.

Simu ya Haroun ilikuwa imezimwa.

Akapiga tena. Imezimwa.

"Idarous! Si uingie tuanze?" Aliyepaza sauti ni Kerubo, nesi Mkenya, mwenye laptop na projekta. "Watu sitini wanangoja. Nimetoka night shift, sijalala, nimekuja kuona kauboi, sijakuja kuona mgongo wako."

"Dakika moja tu, dada Kerubo."

"Dakika yako moja najua urefu wake. Ingia bwana!"

Akaingia. Bahasha aliitia mfuko wa ndani wa koti, ikawa inamchoma kila akiinua mkono.

Picha ya siku ile waliianza Jumapili iliyopita na leo walikuwa wanaimalizia. Ni sinema ya kale, ya nyika kavu za Marekani. Mjane mmoja ana shamba kando ya mto, na wanaume wawili wanampenda. Wa kwanza ni sherifu, mwenye nyota kifuani, kwa hiyo Idarous alimwita Nyota. Wa pili ni mpanda farasi asiye na kwao, aliyekuja kumsaidia mjane kujenga ua. Huyo alimwita Kofia, maana hata akilala haivui. Nyota na Kofia ni marafiki. Wamepigana vita pamoja, wamekula sahani moja, na kila mmoja hajui la mwenzake.

Yaani Idarous alikuwa anajitafsiri mwenyewe, na mimi na wewe tunaliona hilo, yeye tu ndiye haoni.

"Bibi wa Shamba," alisema kwa sauti nzito ya Kofia, "ua umekwisha. Kazi yangu hapa imekwisha pia."

Kisha akapandisha sauti ikawa ya mjane. "Imekwisha ya ua, Kofia. Ya moyo je?"

Watu wakapiga makofi. Mwanasiti, kiti cha tatu kutoka mlangoni, hakupiga. Alikuwa amevaa baibui la rangi ya zambarau alilolishona mwenyewe, na alimtazama mtafsiri, picha hakuitazama.

Ilipofika saa tisa wakasimamisha kwa sala ya Alasiri. Idarous alisali, akatoa salamu, akapiga simu. Imezimwa! Alitamani kuitupa barabarani ikakanyagwe na mabasi ya Coventry Road.

Alipogeuka, Mwanasiti alikuwa mbele yake na kikombe cha chai.

"Chai yako, kaka Idarous."

"Ahsante."

"Shangazi kakupa ujumbe?"

"Kanipa."

"Ehe?"

Maskini Idarous! Maneno yalimjaa kifuani. Angesema moja tu, lolote, habari hii ingeishia hapa na mimi ningetafuta kazi nyingine. Akafungua mdomo.

"Mwalimu!" Mzee mmoja alimshika bega. "Hebu niambie, yule Kofia anakufa? Maana nikijua anakufa naondoka sasa hivi, moyo wangu mdogo."

"Hafi, mzee."

"Wallahi?"

"Wallahi hafi."

"Na farasi?"

"Hata farasi hafi, mzee wangu!"

Mzee akaenda zake ameridhika. Mwanasiti alikuwa bado amesimama.

"Namsubiri Haroun," Idarous alisema.

"Haroun wa nini?"

"Nizungumze naye kwanza."

"Mimi ndiye niliyeleta ujumbe. Haroun anaingiaje?" Uso wake ulianza kukaza. "Idarous, mimi nimewahi kuolewa na nimewahi kuachwa, sina umri wa kuchezewa. Saa kumi na moja nina wageni. Unasikia?"

"Nasikia. Basi nipe mpaka picha iishe."

"Mpaka picha iishe," alisema, akarudi kitini kwake.

Kerubo akazima taa.

Nusu ya pili ya sinema ilikwenda kasi. Wezi wa ng'ombe walikuja, risasi zikalia, Idarous akaziliza zote kwa mdomo hadi mate yakamkauka. Nyota akajeruhiwa bega, Kofia akambeba mgongoni maili nzima. Mjane akawauguza wote wawili. Na usiku ule ndipo Nyota, akiwa na homa, akamshika Kofia mkono akamwambia siri yake. Anampenda mjane, na akipona atamwoa.

Idarous aliuruka mstari mzima, hadi Kerubo akamkoholea.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo mambo yalipoharibika.

Mwisho wa picha ile, asubuhi, Kofia anatandika farasi wake. Mjane anatoka barazani. Anamwuliza neno. Katika sinema yenyewe Kofia hajibu, anagusa tu ukingo wa kofia yake. Maneno ya pale hayapo. Mtafsiri ndiye anayeyatia, na kila mtafsiri hutia yake.

"Unakwenda bila kuniambia kitu?" Idarous alisema kwa sauti ya mjane.

Kofia akagusa kofia. Idarous hakusema.

"Anasemaje?" mtu akauliza gizani.

Farasi akapiga hatua. Idarous hakusema.

"Mtafsiri!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mwanasiti. Alikuwa amesimama, na kivuli cha kichwa chake kilianguka ukutani, pembeni mwa baraza la mjane. "Mwanamke kauliza. Tuambie huyo bwana anamjibu nini."

Watu walicheka, wakafikiri ni mchezo. Bi Maisara hakucheka. Kerubo naye, mjanja yule, akaisimamisha picha palepale.

Idarous alishika maiki kwa mikono miwili. Alimwona Mwanasiti. Lakini Haroun naye alimjia machoni. Idarous alipofika Birmingham hana mtu, Haroun alimlaza kwenye sofa lake miezi minane, hakumwuliza hata siku moja utaondoka lini. Mama yake Idarous alipofariki Unguja, Haroun ndiye aliyeshika simu wakati yeye amekaa sakafuni. Barua ya mtu huyo ilikuwa mfukoni mwake. Angemgeuka vipi, tena mbele ya watu sitini?

Akasogeza maiki mdomoni.

"Anasema," Idarous alitamka, kwa sauti ya Kofia, "rafiki kwanza, Bibi. Nyota ni ndugu yangu. Bakini kwa heri."

Wazee wa mbele walipiga makofi. "Mwungwana huyo! Huyo ndiye mwanamume!"

"Uungwana gani?" mama mmoja akamaka. "Kamwacha mwanamke wa watu barazani kama ndoo!"

"Ai, huyu Kofia ni fala!" Kerubo alisema. "Fala kabisa! Kwani mama mwenyewe aliulizwa?"

Mwanasiti alingoja kelele zipungue.

"Ahsante, Idarous," alisema. "Nimemsikia."

Akachukua mkoba. Bi Maisara akamfuata, na alipopita karibu na meza ya maiki alimtazama Idarous kwa huruma, akatikisa kichwa. Viatu vyao vilisikika vikishuka ngazi.

Idarous alimalizia sinema. Ndiyo, alimalizia! Farasi akapotea vumbini, muziki ukapiga, majina yakapanda, na bwana huyu bado anasema na maiki, "Na hapo, mabibi na mabwana, ndio mwisho." Mimi ninayeandika nilitamani kuingia humo ukumbini nikamzabe kofi.

Taa ziliwaka saa kumi na dakika ishirini. Hazijapata hata joto, Haroun akaingia anahema, funguo za teksi mkononi.

"Mbona Mwanasiti yuko kituo cha basi analia? Nimemwita, hata kugeuka hakugeuka."

"Ulikuwa wapi wewe?" Idarous alimkemea. "Nimekupigia mara kumi!"

"Airport. Simu imekufa chaji. Nimekuuliza, kuna nini?"

Idarous alitoa bahasha, akaiweka mkononi mwa rafiki yake.

"Samahani, ndugu yangu. Mjumbe hauawi. Imerudi."

Haroun aliigeuza. Akaitazama gundi. Rangi ya uso wake ikabadilika.

"Hawakuifungua?"

"Hawakuifungua. Lakini usijali, hawakukukataa, Bi Maisara kasema..."

"Idarous, uliwaambia nini ulipoipeleka?"

"Niliwaambia nimeleta posa."

"Ya nani? Nilikukataza usitaje jina! Nilikwambia jina limo ndani!"

"Sikutaja, mpaka nilipokuwa naondoka. Mwanasiti akanifuata mlangoni, akaniuliza ni ya nani. Ameniuliza, Haroun, ningemdanganya? Nikamwambia ni ya Haroun."

Haroun alikaa kwenye kiti cha plastiki taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna msiba.

"Ifungue," alisema, akamrudishia bahasha.

"Mshenga hafungui barua ya..."

"Ifungue, mwanaharamu we! Ifungue!"

Idarous aliichana. Karatasi ilikuwa moja, maandishi ya mkono, yenye Bismillahi juu. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu akasimama.

Tunaleta posa kwa binti yenu Mwanasiti, kwa niaba ya kijana wetu Idarous.

Akausoma tena. Kijana wetu Idarous.

"Hii nini?"

"Posa yako," Haroun alisema. "Miaka mitatu unanililia kwenye sofa. Leo Mwanasiti kavaa hivi, jana Mwanasiti kacheka vile. Nikikwambia peleka posa, unasema kesho, mpaka nipate nyumba, mpaka nipandishwe cheo. Nikaona nikuandikie mimi. Nikakuacha uamini ni yangu, maana ningekuambia ni yako, ungeipeleka?"

Jibu wote watatu tunalijua, mimi, wewe na Haroun.

"Nilijua wakisoma watakuita ndani, utajikuta umeshaposa," Haroun aliendelea. "Mimi Mwanasiti sina haja naye, namheshimu kama dada yangu. Kumbe wewe umesimama mlangoni kwake ukampigia debe Haroun!"

"Wewe ndiye uliyeniponza!"

"Mimi? Mimi niliyekuandikia?"

"Ungeniambia!"

"Ungesema!"

Kerubo aliingia katikati yao na waya za projekta mkononi. "Nyinyi wawili, mtapigana kesho. Saa ngapi sasa?"

Saa kumi na dakika thelathini na tano.

Kulikuwa na nusu saa, au pungufu. Kutoka pale hadi nyumbani kwa kina Mwanasiti, Sparkbrook, siku njema, ni mwendo wa dakika kumi kwa gari. Siku hiyo haikuwa njema. Mvua ilikuwa imeshika, maduka yote yamejaa, na mbele ya teksi ya Haroun kulikuwa na lori linateremsha magunia ya mchele, na dereva wake hayupo. Walipompata, anakunywa chai. Walipofika Stratford Road, magari yalikuwa yamesimama kimya mstari mzima.

Idarous alipiga simu ya Mwanasiti mara saba. Iliita, haikupokewa. Akapiga ya Bi Maisara. Iliita, ikakatika. Akapiga tena. Saa kumi na moja na dakika nane.

"Haloo?" Ilikuwa Bi Maisara, ananong'ona.

"Bi Maisara! Ni mimi, Idarous. Nina neno langu. Nataka kulisema."

"Mwanangu." Nyuma yake palisikika vikombe, na sauti za wanaume. "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Watu wameinua mikono, Fatiha inataka kusomwa."

"Wasisome! Nakuomba, weka simu kwenye spika. Dakika moja."

Kisha sauti ya chumba kizima ikamjia sikioni, pana na yenye mwangwi.

"Sema," Bi Maisara alisema. "Wanakusikia wote."

Wote! Idarous alifumba macho. Haroun alimpiga ngumi ya paja.

"Asalaam alaikum. Naomba radhi kwa wageni." Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba. "Mwanasiti, ile barua ilikuwa yangu. Ilikuwa posa yangu mimi. Nakupenda, nataka kukuoa. Nimechelewa, najua."

Kisha Mwanasiti akasema, na hakuwa analia tena.

"Mlangoni nilikuuliza ni ya nani, ukaniambia ya Haroun. Leo ukumbini nimekuuliza mbele ya watu, ukanijibu rafiki kwanza. Sasa nina wageni, ndio unaniambia ni yako. Kesho utasema ni ya nani, Idarous?"

"Imeandikwa! Jina langu limo ndani, ninayo hapa mkononi!"

Mnong'ono ukapita chumbani. Halafu sauti ya mzee, kavu, yenye adabu, iliyozoea kusikilizwa.

"Kijana, mimi naitwa Yasir, ndiye mkubwa wa hawa waliotoka Leicester. Dini hairuhusu mtu kuposa juu ya posa ya mwenzake. Kama kweli barua yako ilitutangulia, sisi tutanywa chai yetu tuondoke. Ilete niisome kwa macho yangu. Tumeshamiminiwa kikombe cha pili. Kikiisha hujafika, tunasoma Fatiha."

Simu ikakatika.

Mbele yao basi lilikuwa limekwama, na mbele ya basi basi jingine. Idarous hakungoja. Alifungua mlango, akarukia lami yenye maji, akaanza kukimbia Stratford Road, kaifumbata barua chini ya koti.

"Idarous!" Haroun alikuwa ametoa kichwa dirishani, anapunga mkono kama mwendawazimu. "Idarous, simama! Hukuisoma mpaka chini!"

Alisimama chini ya turubai la duka la matunda. Akaikunjua karatasi kwa mara ya kwanza hadi mwisho. Kwa kuwa Idarous hana mzee Birmingham, mtu fulani alihitajika kuiandika posa kwa niaba ya upande wa mwanamume. Mwandiko wote, tangu Bismillahi, ulikuwa wa Haroun, na gundi, shahidi pekee kwamba haikuandikwa leo, alikuwa ameshaichana mwenyewe. Na chini kabisa, kubwa, kwa wino mweusi, palikuwa na sahihi moja tu.

Ya Haroun.